Bakuli la Kumi na Tatu

Mimi ni mwosha vyombo. Nianzie hapo,
maana Sajenti Vojko alipokuja kutoka Tolmin
aliwahoji wote waliokula, kisha wote waliopika,
nami akanipita kama mtu apitavyo ndoo.

Ludvik alikufa siku ya tatu baada ya karamu.
Kwanza tumbo, kama kipindupindu cha mtu mmoja,
kisha figo, kisha moyo ukachoka kusukuma.
Daktari akasema: sumu ya ua la vuli,
lile linalochanua zambarau malishoni mwezi wa tisa,
ambalo majani yake hutoka Aprili, bila ua, bila haya,
yakijifanya saumu-mwitu.

Na saumu-mwitu ya supu ile
niliichuma mimi.

Hapo ndipo sajenti aliponiona.
"Macho yamezeeka, mama Milojka," akasema kwa upole,
upole wa daktari wa mifugo mbele ya ng'ombe.
"Ni kosa tu. Hatutakufunga."
Kijijini watu wakaanza kuvuka barabara wakiniona.

Sasa sikiliza. Nimechuma saumu-mwitu
kando ya Mto Soča tangu sijafikia ukingo wa meza.
Hatuchumi kwa macho. Tunafikicha.
Jani linalonuka huingia kikapuni,
lisilonuka, likae na Mungu wake.
Na chungu kilikuwa kimoja: viazi, krimu, kijani.
Kumi na watatu walichovya mkate,
kumi na wawili wako hai, ndio hao wanaovuka barabara.

Kwa hiyo sikuwaza chungu. Niliwaza bakuli,
na majani mabichi yaliyonyunyizwa juu,
na nani alibeba sinia.

Usiku ule nilitoka kumwaga maganda.
Niliporudi, sinkini mlikuwa na mabakuli kumi na mawili.
La kumi na tatu lilikuwa rafuni, limeshaoshwa,
limelazwa chali.
Mimi hulaza kifudifudi.
Na kitambaa cha kufutia kilikunjwa mara nne,
pembe juu ya pembe, kama leso ya bwana harusi.
Nami, mjinga, nilifurahi!
Miaka ishirini na miwili katika jiko lile,
na hatimaye kuna mtu amenisaidia.
Nikasema moyoni, Mungu ambariki.

Baada ya kufokewa na sajenti kwa upole wake
nilirudi rafuni, nikalishusha.
Lilioshwa kwa maji baridi, mafuta bado yamelishika,
na chini ya mdomo wake uliopinda,
pale ambapo asiyezoea kuosha hafiki,
uzi wa kijani umekauka.
Nikaulowesha. Nikaufikicha. Nikanusa.

Hakuna kitu. Harufu ya nyasi tu.

Nikautia ndani ya kiberiti kitupu.
Maabara ya Ljubljana ilihitaji wiki mbili,
mimi nilihitaji jioni moja, ya matanga,
niliposema kwa sauti: "Mikono inaniuma. Nani ataniauni?"
Wakainuka watatu.
Zdenka, mjane, aliosha huku akilia, akalaza kifudifudi.
Padri alivunja moja, akaomba radhi kwa Kilatini.
Bogomir, mdogo wake marehemu,
ambaye wenye hoteli walikuwa wameshampa kalamu
na Ludvik amekataa kutia sahihi,
Bogomir aliosha polepole, kwa maji baridi,
akalaza chali, akafuta mikono,
akakunja kitambaa. Mara moja. Mara mbili.

Nilimtazama sajenti. Sajenti alikuwa anatafuna keki.
Ikabidi nimkanyage mguu.

Mara ya tatu. Mara ya nne.

Sasa wanavuka barabara kuja kunisalimia.
Zdenka ameninunulia mashine ya kuosha, inanguruma pembeni,
naijaza sufuria tu.
Usiku mwingine, nikibaki peke yangu,
nalaza bakuli moja chali.
Si kwa ajili ya Ludvik, Mungu anisamehe.
Ni kwa ajili ya dakika ile niliyosimama na ndoo tupu,
nikidhani nimesaidiwa.