Zuia Pumzi

Nyanjige amevua hereni, amevua sidiria yenye waya,
shanga za kiunoni amezifunga ndani ya leso
akanikabidhi kama mtu anayeweka rehani.
Gauni la hospitali limefuliwa kwa klorini,
lakini dakika ya kwanza tu chumba kizima
kinanuka Kayenze:
moshi wa kubanikia,
mafuta ya sangara yakidondokea makaa.

Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuri.
Sigara hajawahi kuishika.
"Mimi nilimfuata samaki," asema,
"moshi ukanifuata mimi."

Namlaza. Namwinulia mikono juu ya kichwa.
Namwambia dawa itakapoingia mshipani
atahisi joto, atadhani amejikojolea;
asiogope, si kweli.
"Na ikiwa kweli?"
Tutafua shuka, mama.

Narudi nyuma ya kioo, nabonyeza,
na sauti iliyorekodiwa zamani na mtu nisiyemjua
inamwamuru: Vuta pumzi.
Zuia.

Hapo nami huzuia. Miaka sita kazini, sijaacha.
Meza inateleza, duara linanguruma,
na mwanamke aliyepasua samaki maisha yake yote
anapasuliwa bila kisu,
vipande mia tatu na kitu, vyembamba kama ukucha,
wala tone la damu.

Pumua.

Lipo. Pafu la kulia, juu,
lina miiba pembeni kama mbigili.
Hilo tulilijua tangu eksirei ya mwezi wa tano.
Sikutumwa kulitafuta lenyewe, nimetumwa kutafuta nyayo zake.
Ini, safi.
Tezi za juu ya figo, ndogo, zimetulia.
Mifupa imekaa.
Kati ya mapafu, ubavuni mwa bomba la hewa,
tezi moja. Napima. Napima tena.
Milimita kumi na mbili.

Ingekuwa saba, Dakta Rwezaula angeomba tarehe ya upasuaji.
Kumi na mbili, anavua miwani.
"Yawezekana limefika. Yawezekana ni kovu la kifua kikuu,
au huo huo moshi.
Picha hupima ukubwa, haipimi nia."
Sindano kwanza, ikachote kidogo.
Kisu kitasubiri neno la sindano.

Dirishani, chini ya mawe, ghuba imeota kijani.
Kutoka huku kilimani huwezi kujua
kama magugu maji yamepita tu na upepo utayarudisha,
au yameshaziba mwalo.
Lazima mtu ashuke, aingize mkono majini.

Kwenye benchi Nyanjige anafungua leso, anahesabu shanga.
"Umeona nini?"
Sina ruhusa. Nasema daktari atamwita.
Ananitazama kama anayefunua shavu la samaki
kuona kama bado lina wekundu.
"Wanasema samaki mmoja akioza..."

Nanyamaza.

"Aliyesema hivyo hajawahi kubeba tenga.
Mimi nimemtoa mmoja alfajiri,
tisini na tisa wakauzwa Kirumba kabla ya saa nne.
Kazi ni kuwahi kunusa."

Kisha anaondoka, akipumzika kila ngazi ya tatu.

Anayefuata ni kijana wa Ukerewe, mguu umevunjika.
Analala mezani, anageuza pua huku na huku.
"Samahani kaka," anauliza, "kuna mtu anapika humu?"