Dakika Moja

Baba alichomelea meli miaka thelathini na mmoja
pale Gdynia, na vyuma vikamlipa kwa kumkalia kifuani.
Sasa ana mashine pembeni mwa kitanda,
inakoroma kumshinda,
inachuja hewa ya chumba na kumpelekea oksijeni puani
kwa mpira mrefu unaofika mpaka jikoni.
Mita kumi na mbili. Tulipima.
Dunia yake inaishia hatua mbili kabla ya roshani.

Pombe? Kunywa ameacha. Kupika, hapana.

Jumamosi moja ya Februari, theluji imeziba nusu ya dirisha,
alitoa kwenye friji hamira ya tangu kiangazi,
kahawia kama maji ya kuoshea brashi.
Akachemsha kimea, akapooza sufuria ndani ya beseni la theluji,
akaimimina togwa hiyo kwenye chupa ya kioo ya lita mbili,
akatia hamira, akakaa kuitazama.
Jumapili saa sita, kimya.
Saa tisa, kimya.
Kipampu cha samaki (tulikuwa na samaki, mama alipokuwa hai)
kiliguna mara mbili kikafa.
Na Jumapili maduka hayafunguliwi.

"Ina njaa?" nikauliza.
"Chakula kimejaa. Inakosa pumzi.
Hamira, Dobrochna, kabla ya kuzaa
hujishonea ngozi,
na uzi wa ngozi hiyo
ni hewa.
Ukiinyima, itazaa watoto wenye ngozi ya karatasi.
Watakufa pombe haijafika katikati."
Aliyasema hayo akilipia kila neno,
kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho dukani.

Nikaenda kukunja nguo.
Niliporudi mpira haukuwa puani mwake.
Ulikuwa umezama chupani mpaka chini,
mapovu madogo madogo yakipanda kwa safu,
na baba ameinama juu yake, midomo rangi ya zambarau,
anatabasamu.

Nilizima jiko kwanza.
Mwenyewe ndiye aliyenifundisha:
oksijeni na moto havikai chumba kimoja.
Kisha nikafoka. Nilitumia maneno
ambayo mama angenifinya kwa ajili yake.
Yeye akainua kidole: bado sekunde kumi.

"Na uchafu wa pua yako je?"
"Ncha ni mpya. Ya kwenye pakiti.
Niliificha tangu Ijumaa."
Kumbe haikuwa wazimu, ilikuwa njama.

Tukapatana: usiku ule nitikise mimi.
Basi kila nilipopita, kwenda chooni, kunywa maji,
kukosa tu usingizi,
niliishika chupa shingoni nikaizungusha,
kofia yake ya karatasi ya bati imelegezwa ipate kuvuta.
Mashine inakoroma kule, togwa inazunguka huku.
Saa tisa usiku nilishtuka
mkono wangu umeshika mwendo wa mashine:
vuta, toa,
vuta.

Alfajiri chupa ilikuwa nzito kama uji,
na pete ya povu shingoni.
Baba akainusa. "Mkate," akasema, basi.

Tukaimwaga yote kwenye ndoo kubwa, tukaisukasuka
mara moja ya mwisho, akabana mfuniko kwa viganja vyote viwili.
"Sasa hewa ni adui.
Ikiingia tena, bia itaonja boksi lililolowa."
Nikamuuliza, jana ilikuwa uhai, leo adui?
Akasema, "Ndiyo," akaomba kiti.

Alhamisi akaja muuguzi, Bi Halszka, na viatu vyake vya theluji mlangoni.
Akafungua daftari ambamo baba lazima aandike
kila anapovua mpira.
Herufi kubwa, za mtu aliyezoea kuandika juu ya chuma:
JUMAPILI, SAA KUMI JIONI, DAKIKA MOJA.
SABABU: WATOTO.

Akanigeukia. "Sikujua ana wajukuu."
Chini ya koti kuukuu la kazi, kwenye kona,
kizibo cha ndoo kilikuwa kinatoa hewa: tup.
Tup.
"Anao," nikasema. "Hawahesabiki."