Waya wa Njano

Pijo limezeeka, lakini kiti bado kinanijua kiuno.
Nimeliegesha Shauri Moyo, nyuma ya muuza vioo,
na Fundi Selekwa ameshaingiza nusu ya mwili
chini ya usukani; miguu imebaki nje
ikiongea na vumbi.

"Tundu hili la tangu lini, mama?"

La tangu mwaka ule wa mvua za Elninyo.
Tulishuka Magomeni kuhani msiba, dakika kumi tu,
kurudi, kioo kimelala kitini vipande vipande
na redio imekwenda zake.
Mume wangu hakununua nyingine.
"Mjini kelele ziko bure," alisema,
akaligeuza tundu kuwa kabati:
sarafu za maegesho, miwani, pipi za kifua.
Na saa, ile ya duara yenye mishale,
ilikata roho yenyewe, bila mwizi,
saa tisa na dakika kumi.
Mchana au usiku, haikusema.

Miaka yote hiyo tukapanda gari
lililokuwa daima saa tisa na dakika kumi.
Tukachelewa harusi. Tukawahi mazishi.

Selekwa anachuna waya kwa meno.
Mwekundu, anasema, huamka na ufunguo.
Mweusi unakwenda kwenye bodi, haunaga maneno.
Wa njano huu
(anaushika kama mkia wa mjusi)
huu haulali. Zima gari, funga milango, nenda zako,
wenyewe unakaa kizani
unameza umeme kidogo kidogo
ili saa isisahau.

Nilitaka kumwambia nawajua watu wa namna hiyo.
Nikanyamaza, nikamshikia tochi.

Mkono wake ukazama tunduni hadi kiwiko,
ukatoka na risiti ya pantoni,
karanga moja iliyokwisha kuwa jiwe,
na kibanio cha nywele,
cheusi, chenye ua dogo la kijani.

Mimi kichwa changu sijapata kukibana.
Nasuka, nafunga kilemba, basi.
Na wa kumuuliza yuko Kinondoni,
safu ya tatu kutoka ukutani, mwaka wa nne huu.

Selekwa akakitazama. Akanitazama.
Akapata shughuli na bisibisi.
"Vitu vya dashibodi, mama," alisema baadaye,
"huingia vyenyewe."

Redio mpya ilikuwa inacheza.
Tundu la Mfaransa, redio ya Mchina:
hawakupimana kabla ya ndoa.
Fundi akataka kipande cha chuma, chembamba, chenye kunesa.
Akapekua mfuko, kopo la skrubu, chini ya matairi.
Mimi ndiye niliyefungua kiganja.

"Hiki hakifai?"

Kilifai. Kilibana kama kilizaliwa kwa kazi hiyo,
ua la kijani likatazama ndani,
upande wa waya wa njano.

Redio ikakohoa, ikapapasa mawimbi,
mtu akasoma bei ya vitunguu Ilala,
akakumbusha kwamba ni saa nne na dakika ishirini.
Tarakimu za buluu zikawa zinapepesa.
Selekwa akaanza kuandika kumi.

"Weka nne," nikamwambia.
"Ile ya mishale nilisoma ng'ambo ya mshale.
Hii haina ng'ambo.
Niandikie ninavyosema."

Akaandika nne.
Akafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono,
akataja elfu thelathini.
Nikatoa ishirini na nane.

"Mbili za nini, mama?"
"Za chuma. Chuma kilikuwa changu."
Akachungulia tundu lililokwisha kuzibwa,
akajikuna shingo.
"Ni chako kile?"

"Kiko garini mwangu," nikasema,
nikawasha.