Ubani wa Kidonge

Goti langu la kushoto
linalia ja ufito,
hata usiku wa joto,
nikigeuka ndotoni.

Hapa Ibra, kwa Harithi,
ngazi kumi, si hadithi,
na kila moja yarithi
maumivu ya jirani.

Nasali juu ya kiti,
nasujudu kwa sauti;
mkeka hauniiti,
umekunjwa kabatini.

Ghaniya kaleta siki,
tangawizi na iliki;
wengi, hata sikumbuki
nani kaleta majani

yaliyonuka ja mende.
“Kunywa,” wasema, “upande
milima yote, uende,
usichoke kileleni.”

Nikakimbia, si siri,
usiku hadi fajiri;
mbio zangu za fahari
zikaishia chooni.

Ijumaa, na kichupa,
Harithi kaja, kanipa:
“Mama, zile chupa tupa,
hii ndiyo ya thamani.”

Riali kumi na nne!
Azza, soma, tulione,
hilo jina, nilinene,
lenye chapa ubavuni.

Kaangua Azza cheko:
“Bibi! Ndio mti wako
wa kwenye chetezo chako.
Kilichomo ni ubani!”

Ubani, toka Salala,
kapanda ndege, kalala
Ulaya, kavishwa ala,
karudi kama mgeni.

Jumatano, soko letu
la wanawake, sisi tu,
nusu riali, si kitu,
naujaza mkobani.

Tabibu kacheka pole:
“Wapoza, ila si tele;
gegedo silo la kale,
limelika mifupani.

Na manjano yapunguze,
damu tusiilegeze;
kila kitu nieleze,
hata kilicho chunguni.”

Sasa ni mwezi wa pili,
nameza, kutwa, viwili,
na goti, kidogo, kweli,
latulia kitandani.

Ni dawa? Ama ni Azza
mguu akinifunza
kuunyosha, kuukaza,
kila siku sebuleni?

Sijui. Kesho nataka
mkeka kuutandika:
goti moja, likifika;
likishindwa, ni kitini.

Kwa sasa nachoma wangu,
uzipande ngazi zangu,
kumi, pasina uchungu,
unisubiri chumbani.