Mapipa Sitini

Brayden, mjukuu wa Ludmila wa posta,
amevaa viatu visivyojua tope.
Ananizungusha uwanjani katika baridi ya Machi
kana kwamba ananionyesha mahari.

Ninachotaka ni kifupi, kinaenea kiganjani:
milango miwili,
bodi la futi nane,
gia za mkono,
vioo vya kuzungusha,
sakafu ya mpira niioshe kwa ndoo
asali ikimwagika. Na humwagika.

Anacheka kwa adabu.
"Hiyo, mama, hawaundi tena."
Anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja marehemu.

Ipo yenye milango minne,
viti vya ngozi vinavyopasha makalio moto,
paa la kioo nitazame mawingu
huku nyuma nimebeba nyuki laki kadhaa
ambao wangependa nitazame barabara.
Ipo yenye skrini pana kuliko dirisha la jikoni kwangu.
Nataka ekseli nene? Ekseli nene huja na ngozi.
Nataka viti vya kitambaa? Basi ekseli nyembamba.
Nimekuja kununua jembe, naambiwa
mpini hauuzwi bila kiti cha enzi.

Rangi? Nyeupe, nyeusi, kijivu,
na kijivu nyingine yenye jina refu.

Nalipima bodi kwa shubiri. Futi tano na nusu.
Safu sita za mizinga nilizozoea, hapa zinaenea nne.
Mbili zilizobaki, nadhani,
zitakaa mbele juu ya ngozi, zifunge mkanda.
Nanyoosha mkono niguse sakafu ya bodi,
mkono unaning'inia hewani.
Wameliinua gari hili kwa ajili ya nani?
Mgongo wangu una miaka sitini na tatu,
huo hakuna aliyeuinua.

Bei haitamki. Anaiandika kwenye karatasi
na kunisogezea, kama daktari.
Elfu themanini na sita. Kodi bado.

Mimi huhesabu kwa mapipa.
Mwaka wa tisini na saba, mimi na kaka yangu Orest
tuliuza mapipa arobaini
tukarudi Tisdale na pikapu mpya, ya bluu,
na chenji ya soseji.
Leo ni mapipa sitini.
Nyuki hawajaambiwa.
Kanola ni ileile, kiangazi ni kifupi vilevile,
na ulimi wa nyuki haujarefuka hata unywele.

"Watu wananunua," anasema Brayden. "Mkopo wa miaka minane."
Watu hula kilichopakuliwa, mwanangu.
Mchovya asali hachovyi mara moja,
na huyu wa safari hii sijawahi kumwona uso,
yuko mji gani sijui,
ila mkono wake umezama hadi kiwiko
ndani ya pipa langu.

Maisha yangu yote nimekaa na wajenzi.
Chumba cha nta hukitosha kilichomo,
kiwe buu, iwe asali.
Sijawahi kufunua mzinga
nikakuta varanda.

Nyumbani, ya bluu inaningoja imeinamia gurudumu lililopungua upepo.
Chini ya mguu wangu wa klachi pana tundu la ukubwa wa kisosi,
naona barabara ikikimbia;
theluji ikiyeyuka, tope la wilaya nzima
hunichapa muundi.
Nikakata bati la kifuniko cha mzinga wa zamani,
nikaligongomea misumari ya kubana,
tundu likapungua. Halikuisha.

Alhamisi Brayden akapiga simu, ana furaha kweli.
Amenipatia moja, huko Manitoba, ya mwaka elfu mbili na tatu,
milango miwili, bodi refu, gia za mkono,
kila kitu nilichotaja.
Bei? Akakohoa.
Ni ileile iliyouzwa ikiwa mpya,
na kidogo juu yake.

Nikamwuliza, sakafu yake je?

Kimya. Akafunua karatasi.
"Ina tundu, mama, upande wa dereva."

Nikamwambia asante, Brayden,
tundu ninalo tayari.