Kutoa Mlima

Mimi ni mzaliwa wa Chimbote, usawa wa bahari;
kule pumzi haihesabiwi.
Ndiyo maana nilikosea.

Tone la kidole cha Nelida lilipanda kwenye kibao cha plastiki,
mashine ikafikiri, ikasema: kumi na mbili nukta tisa.
Nikaandika kwa wino wa bluu: Hana neno.
Mama yake, Eusebia Ccallo, akamfunga mgongoni
katika shuka la mistari, wakashika njia.
Na kweli ungemwona! Mashavu mekundu kama nyanya.
Kumbe si wekundu wa shibe,
ni baridi iliyoyachubua.

Usiku, jiko la samadi likivuta moshi,
nikakumbuka jedwali lililobandikwa ndani ya kabati:
mita elfu tatu na mia nane juu ya bahari
damu hujitutumua, maana hewa ni haba,
hujionyesha tajiri kwa wageni.
Kwa hiyo utoe mlima kwanza,
utoe tatu nukta moja,
ndipo umwone mtoto.

Nikatoa. Ikabaki tisa nukta nane.
Nikatoa tena, kwa penseli,
kana kwamba hesabu ina huruma.

Asubuhi nilipanda kwake, kichwa kikinigonga.
Alikuwa anakanyaga viazi vilivyoganda, pekupeku.
Nilichokuambia si kweli, nikasema.
Hakusimama. "Anakula. Sahani haibaki kitu."
Najua. Tumbo limeshiba, damu ina njaa.
Akacheka kwa pua: "Kwani damu ina mdomo?"
Inao. Juzi ulisema nami, sikuusikia vizuri.

Nilitoa matone ya madini ya chuma.
Akanionyesha chupa ya mwaka jana, nyuma ya redio, imejaa:
yananuka sarafu, yanatia meno weusi, mtoto anayatema.
Basi tukaongea sufuria.
Damu ya kondoo, ile wanayowamwagia mbwa,
ikaangwe na kitunguu.
Chai isubiri; ikishuka pamoja na mlo, inaiba.
Maini aanze mtoto.
Alisikiliza kama mtu anayechambua mbegu,
hii anaiweka, hii anaitupa.
"Maini huanza baba," alisema. "Lakini damu, sawa."

Miezi mitatu. Mvua ya mawe, foleni hadi mlangoni.
Kumi na nne nukta moja.
Safari hii nikatoa mlima kwa sauti, asikie:
kumi na moja kamili.
Mpaka wenyewe uko papo hapo;
mtoto amesimama juu ya kizingiti.

Nikafungua pamba mpya, nimwite anayefuata.
Eusebia hakuondoka.
Alinyoosha mkono, kidole kimepasuka kwa barafu,
kidole cha miaka thelathini na moja na uzazi wa watoto wanne,
ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza kitu.
"Na mimi," alisema.
"Nitoe mlima."