Mikono Sita

Kenyatta Market, kibanda cha mia mbili na kumi,
wanawake watatu wamenigawana kichwa.
Kwamboka ana kisogo, Nafuna upande wa kulia,
na yule mgeni, Atemo, amepewa mbele.
Ndiye anayevuta.

Mapajani nina kazi ya kutafsiri,
kurasa tisa, malipo mwisho wa mwezi:
urembo wa wanawake wa Japani ya kale.
"Tusomee," asema Nafuna. "Redio imekufa tangu Jumatatu."

Nasoma.
Waliloweka vyuma vya kutu kwenye siki,
wakapaka meno yakawa meusi tititi,
yaking'aa kama Barabara ya Ngong baada ya mvua.
Waling'oa nyusi, unywele kwa unywele,
wakachora nyingine juu kabisa ya paji,
kama alama za vidole vyenye masizi.
Walijipaka risasi usoni...

"Risasi?" Atemo ameacha kuvuta.
Si ya bunduki, namwambia. Ni madini,
unga mweupe. Uliingia kwenye damu polepole,
na mtoto akaulamba kifuani akinyonya.
"Basi ni ile ile ya bunduki," asema,
"ila inachelewa."

Walilala shingo juu ya kigogo
nywele zisivurugike,
na waliokazwa nywele tangu usichanani
walibaki na upara utosini,
mduara wa shilingi ishirini.

Hapo kimya.
Kwamboka anajua wangu ulipo, nyuma ya sikio,
tangu dawa ya kulainisha nywele, kidato cha nne.
Ameufunika mara saba na hajawahi kuutaja.

Mama alificha mkebe wa krimu nyuma ya Biblia.
Tulimzika na uso wa mtu mwingine
na vifundo vya vidole vyake mwenyewe.

"Ukitaka uzuri sharti udhurike,"
nasema, nikitafuta kicheko.
Nafuna hacheki.
"Na yule aliyewapaka," auliza,
"aliyeamka alfajiri kukoroga hiyo siki,
karatasi yako inasema vidole vyake vilikuwaje?"

Napekua ukurasa wa tatu, wa sita, wa tisa,
narudi kwenye tanbihi.

Saa ya nne sasa tangu niketi.
Kwamboka anakunja ngumi, anaikunjua.
Atemo amezungushia kidole gumba plasta
iliyokwisha kuwa nyeusi kwa mafuta.
"Inama," asema.
Nainama.
Maji yamechemka.